Chupa ya Kulinganishia

Eliakim Ogola alianza kuchoka mwaka ule wa Uhuru, na huu ulikuwa wa tisa. Usidhani ni ule uchovu wa kulala ukaamka umepona. La. Ulikuwa umemkaa chini ya mabega, mahali panapomuuma mtu anayeinamia hadubini tangu asubuhi mpaka macho yaone ukungu, naye alikuwa ameuzoea kama mtu anavyomzoea mgeni aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka.

Watu wa Eldoret walimwita daktari, na alikuwa amechoka hata kuwasahihisha. Alikuwa fundi wa maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya hospitali, zamani stoo ya matandiko ya farasi, na mvua za Mei zilipoanza harufu ya ngozi kuukuu ilitoka ukutani. Ndani mlikuwa na friji, mashine ya kuzungusha damu iliyopiga kelele kama posho mill ya kusaga mahindi, hadubini mbili, na Daktari Gichuru, kijana aliyesoma ng'ambo akarudi na makreti manane na wazo moja.

Wazo lilikuwa hili. Mwanamke akishika mimba, nusu ya mtoto ni ya baba, na mwili wa mama huiona nusu hiyo kama mtu aliyeingia bila kupiga hodi. Basi huitengenezea kingamwili. Mtoto hutoka, akaenda zake, lakini kingamwili hubaki ndani ya damu ya mama, wakati mwingine miaka na miaka. Ukiipata damu ya mama kama huyo, ukayatenga yale maji yake ya rangi ya samli yanayoitwa seramu, unaweza kuitumia kuwapanga watu kwa aina zao, ili siku moja mgonjwa wa figo apewe figo ambayo mwili wake hautaikataa. Daktari Gichuru aliweza kulieleza jambo hili kwa saa mbili bila kumeza mate.

Kazi ya kuwatafuta kina mama ilikuwa ya Eliakim. Alizunguka na Landrover ya hospitali, Plateau, Cheptiret, mpaka Timboroa kwenye baridi ya kukata masikio, kwenye yale mashamba makubwa ya wazungu ambayo kampuni za ununuzi wa ardhi zilikuwa zinayakatakata vipande. Huko kina mama walikuwa wengi na watoto walikuwa wengi zaidi. Alikaa kwenye kigoda, fomu gotini, akauliza.

Na katika kuuliza alikuwa bingwa, hilo nimpe haki yake. Alijifunza kwa Mama Wamucii wa Timboroa, siku alipomuuliza ana watoto wangapi, mama yule akamwangalia kama aliyemtukana.

"Daktari, watoto si viazi. Watoto hawahesabiwi."

"Basi nisaidie, Mama. Umeshika mimba mara ngapi?"

Mama Wamucii aliweka karai chini. "Hiyo ni maneno ingine," alisema. "Kwa hiyo mimba kuna wale unaona hapa kwa mlango, na kuna wanne walienda. Mmoja alienda kabla hata baba yake ajue yuko."

Tangu siku hiyo Eliakim hakuuliza tena watoto. Aliuliza mimba. Aliwafundisha hata manesi wa misheni pale Plateau: ukiuliza watoto utapewa walio hai, ukiuliza mimba utapewa ukweli. Wanawake waliomjua kwa dakika kumi walimwambia mambo ambayo waume zao hawakuyajua kwa miaka ishirini, naye aliyaandika kwa mwandiko mzuri, akasema asante Mama, akaenda kwa mlango mwingine.

Seramu ya Mama Wamucii, kwa taarifa, haikufaa kitu. Ilikuwa na kingamwili za kila namna, ikaua seli za kila mtu.

Maana ndivyo ilivyopimwa. Kulikuwa na watu ishirini na wanne wenye seli za kupimia, waliokubali kuchomwa sindano kila baada ya wiki chache: wafanyakazi wa hospitali, askari jela, Thuo mwenye duka, na Eliakim mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa Namba Moja. Tone la seramu ya mama lilitiwa juu ya seli za kila mmoja wao, likaongezwa tone la seramu ya sungura, kisha rangi. Seli iliyopona iling'aa chini ya hadubini. Iliyouawa ilivimba na kunywa rangi. Daktari alitaka seramu ya kuua wachache tu, wale wale kila mara, maana hiyo ndiyo yenye kingamwili ya aina moja. Mwaka mzima hawakuwa wamepata hata moja.

Na ili mtu ajue kwamba seli zimeuawa na kingamwili, si na uchafu wa chupa, ilitakiwa seramu ya kulinganishia: seramu ya mtu ambaye hajawahi kushika mimba wala kuongezwa damu. Iliyoletwa kutoka Nairobi ilikwisha mwezi wa nne. "Tafuta mwanamke hapa hapa," Daktari alisema. "Mtu mzima, mwenye afya, ambaye hajawahi kabisa."

Eliakim hakutafuta mbali. Alikwenda nyumbani.

Sasa nikwambie kuhusu Leonida. Walioana kanisani, miaka kumi ilikuwa imepita, na walikaa katika nyumba ya wafanyakazi yenye vyumba viwili na pipa la maji ya mvua mlangoni. Pale kwenye laini, ile safu ya nyumba za wafanyakazi, kila mwanamke alikuwa Mama Fulani. Huyu Mama Perez, yule Mama Kimutai. Leonida walimwita Bibi ya Daktari, kwa heshima, na heshima hiyo ilimchoma kuliko matusi. Hata mumewe hakuwa na jina la kumwita kwa sauti mbele za watu. Alimwita "wewe", na yeye alimwita "Ogola", kama watu wanaofanya kazi ofisi moja.

Jioni ile alimkuta akichagua mawe kwenye maharagwe. Akamweleza.

"Daktari anataka damu ya mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba," alisema. "Nikaona nisisumbue watu. Nitachukua yako."

Leonida aliacha maharagwe. Alimtazama muda mrefu, mpaka Eliakim akaanza kuhangaika na kamba ya mpira ya kufungia mkono. "Na hiyo mashine yenu," alimuuliza, "inaweza kudanganya?"

"Haidanganyi. Mtu ndiye hudanganya."

Leonida alikunja mkono wa gauni akanyoosha mkono mezani. Eliakim alijaza fomu mwenyewe: mke, miaka thelathini na moja, hajaongezwa damu. Kwenye idadi ya mimba akaandika sifuri. Bingwa wa kuuliza hakuuliza.

Katika mfuko wa koti lake jeupe, siku hiyo na siku zilizofuata, mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa mama yake, Mama Selpha, ambaye hakujua kuandika na aliandikiwa na Lazarus, mwalimu wa kanisa. Barua ilisema: Ogola mwanangu, tumesikia umepata namba ya shamba katika kura. Asante Mungu. Lakini shamba bila mtoto ni la nani? Nimekupatia msichana wa watu, ana adabu, anajua jembe. Leonida asifukuzwe, akae. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, yeye hawezi kuujua. Nikipata neno lako nitakuja naye mwisho wa mwezi.

Barua ya pili ilikuwa jibu. Ilikuwa imefungwa na kubandikwa stempu, na ndani mlikuwa na maneno matatu tu ya maana: Njoo naye, Mama. Hakuyaandika kwa tamaa, wala kwa hasira. Alikuwa amechoka. Miaka minane mama yake alimsukuma, na mtu aliyechoka husukumwa kwa kidole. Sababu pekee ya barua ile kuwa bado mfukoni ni kwamba kila alipotoka kazini alikuta posta imefungwa.

Jumatatu waliitumia seramu ya Leonida kwa mara ya kwanza. Eliakim aliweka matone, akasubiri, akatia rangi, akainamia hadubini. Seli za mtu wa pili zilikuwa zinang'aa. Za wa tatu, zinang'aa. Akarudi kwa Namba Moja, ambaye alikuwa amemruka kwa mazoea, na huko zilikuwa zimevimba zote, zimelewa rangi.

Daktari Gichuru alitazama naye akafoka. "Umechanganya chupa, Ogola! Mambo ya kulinganishia yakiharibika kazi yote imeharibika. Rudia."

Alirudia Jumanne. Aliosha vyombo mara nne, akachinja sungura mwingine, akabadilisha maji. Mgongo ulimuuma mpaka akafanya kazi amesimama mguu mmoja juu ya kreti. Jibu likawa lile lile: kati ya watu ishirini na wanne, watano walikufa. Namba Moja, Thuo mwenye duka, askari jela wawili, na mpishi wa wodi. Wengine kumi na tisa walibaki wanang'aa bila wasiwasi. Jumatano, jibu lile lile.

Jumatano hiyo Daktari hakufoka. Alivuta stuli akaketi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani.

"Hii chupa si mbovu," alisema polepole. "Hii ndiyo seramu nimetafuta mwaka mzima. Watano tu, wale wale. Huyu mama ni nani?"

"Ni bibi yangu."

"Amewahi kuongezwa damu?"

"Hajawahi."

"Ameshika mimba mara ngapi?"

"Hana mtoto, Daktari. Sisi hatujajaliwa."

"Sikuuliza mtoto, Ogola. Wewe ndiye ulinifundisha tusiulize mtoto."

Eliakim alifuta lenzi ya hadubini. Kulikuwa na kitu huko nyuma, asubuhi fulani Leonida amesimama mlangoni na kanga kiunoni akisema jambo, na mama yake Selpha, aliyekuwa amekuja kuwatembelea, akacheka akasema ni siku zimechelewa tu, wasichana wa siku hizi wakichelewa siku mbili wanashona nguo za mtoto. Mambo ya wanawake. Yeye alikuwa anatafuta viatu.

"Sijui," alisema.

Naam, usimwone mjinga tu, mwone na ubaya pia, maana ulikuwepo. Usiku ule hakuwaza mtoto. Aliwaza Thuo. Aliwaza duka la Thuo, na sukari ambayo Leonida hununua pale, na seli za Thuo zilizolewa rangi kama zake. Alijigeuza kitandani karibu na mwanamke aliyelala kimya, akamwonea wivu wa bure, na pamoja na uchovu wake wote bado alipata nguvu ya kufanya hivyo.

Njia ya kujua ilikuwepo, na Daktari aliiagiza bila kujua kilichomo moyoni mwa fundi wake. Chukua damu ya Namba Moja, utoe zile chembe ndogo za kugandisha damu. Zichanganye na seramu, weka kwenye barafu, zungusha kwenye mashine. Kingamwili yoyote iliyotengenezwa dhidi ya Namba Moja itazing'ang'ania chembe zake na kuzama nazo. Kitakachobaki juu, ukiweka tena kwa wale watano, kitasema. Kama bado kinaua mtu, basi ndani ya damu hiyo kulikuwa na kingamwili ya pili, ya mtu mwingine.

Alhamisi Eliakim alijichoma sindano mwenyewe, akajitoa damu, akaizungusha. Alipoinama saa tisa mchana kutazama, alianza na Thuo.

Thuo alikuwa anang'aa. Askari jela wote wawili walikuwa wanang'aa. Mpishi, anang'aa. Hapakuwa na kitu kilichobaki. Yote yaliyokuwa katika damu ya Leonida yalikuwa yameng'ang'ania yake yeye, Eliakim Ogola, yakazama naye chini ya bomba.

Daktari Gichuru alipiga meza kofi akacheka. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Sayansi haiapi mahakamani, Ogola, lakini hapa imekaribia kuapa. Huyu mama amebeba mtoto wako, na si mara moja. Kingamwili nzito hivi haiji kwa mara moja. Kesho nenda nyumbani mapema, jaza fomu vizuri. Muulize kama atakubali kutupa chupa nyingine."

Eliakim hakucheka. Aliona haya, haya ya kweli. Alipanga chupa kwenye friji moja moja, na alipofikia ile iliyoandikwa KULINGANISHIA kwa mwandiko wake mzuri, aliishika mpaka vidole vikafa ganzi.

Ijumaa alifika nyumbani saa tisa. Leonida alikuwa anapiga pasi, na alishangaa kumwona jua likiwa bado juu. Eliakim alivuta kigoda. Aliketi juu yake, fomu gotini, kama alivyoketi kwenye milango ya Timboroa.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyowaanza wote, na neno lilipotoka wote wawili walilisikia. "Umeshika mimba mara ngapi?"

Leonida aliisimamisha pasi. Makaa yalilia ndani yake kidogo.

"Kwa hivyo imesema," alijibu.

"Imesema."

"Nilijua itasema. Uliniambia haidanganyi, nikaona wacha basi iseme yenyewe." Alivuta kiti akaketi. "Nne. Andika nne."

Aliandika. "Ya kwanza ilikaa muda gani?"

"Miezi miwili na kitu. Nilikuambia asubuhi, Mama Selpha akiwa hapa. Ulikuwa unatafuta viatu. Ya pili ni mwaka uliofuata, miezi mitatu. Nilikuambia pia, ukasema usiseme kwa watu mpaka tuone. Hatukuona."

"Ya tatu?"

"Ya tatu ilikaa mitano. Hiyo ilikuwa inacheza." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa imechoka, imechoka kuliko mgongo wa fundi yeyote wa maabara. "Ilikuwa siku ya kura ya mashamba. Ulitoka saa kumi asubuhi na wenzako kwenda kwa foleni. Mama Perez ndiye alinishika mkono. Tulizika hapo nyuma, kwa ile mti ya wattle. Uliporudi ulikuwa unaimba, Ogola. Umepata namba nzuri, iko na maji. Nilikuambia mtoto ametoka. Ulisema pole. Ukasema tutapata mwingine, tumepata mahali pa kumweka. Halafu ukalala."

Eliakim alikumbuka namba. Ilikuwa mia moja na saba. Alikumbuka viatu vilivyojaa matope, na uji aliopewa, na usingizi. Neno alilosema Leonida alilikumbuka sasa kwa mara ya kwanza, na alikuwa amelisikia kweli, kama mtu anavyosikia mvua ya nyumba ya jirani. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Ya nne sikukuambia," alisema Leonida. "Ningekuambia ili iweje?"

Nje watoto wa laini walikuwa wanafukuzana. Eliakim aliona kwamba kwenye fomu kumebaki swali moja, akalisoma kwa sababu hakujua afanye nini kingine. "Daktari anauliza kama utakubali kutoa damu tena. Anasema hajawahi kuona kama hii."

"Mwambie Daktari hapana. Nimesema kwa mdomo, na nimesema kwa damu. Inatosha." Alinyoosha mkono kwenye lile koti jeupe alilokuwa ametoka kulipiga pasi, akaingiza vidole mfukoni, akatoa barua yenye stempu na kuiweka mezani mbele yake. "Na hii. Nimeihamisha mara tatu, kutoka koti chafu mpaka koti safi. Kila wiki nadhani umeshaipeleka posta. Kama unaipeleka, peleka. Mimi nimechoka kuibeba."

Machozi yalimtoka Eliakim, bila kelele, yakaangukia fomu na kuichafua ile sifuri aliyoiandika mwezi uliopita. Aliichukua barua, akafungua mdomo wa pasi, akaitia kwenye makaa. Ilitoa moshi wa gundi.

"Kuchoma si kujibu," alisema Leonida. "Mama bado anangoja neno. Atakuja tu."

"Nitamwandikia sasa hivi. Posta bado iko wazi. Nitamweleza kila kitu, jinsi kipimo kilivyotoka, zile seli..."

"Usimwandikie mashine." Aliinuka, akachukua shati lingine, akalinyunyizia maji. "Kama utaandika mashine, atasema hata mashine ni siku zimechelewa tu. Mwandikie mambo yenyewe."

Eliakim aligeuza fomu upande mweupe. Alikuwa na mwandiko mzuri, kila mtu alisema hivyo. Aliandika: Mama, usije na mtu. Leonida ameshika mimba yangu mara nne. Uchungu wa mwana anaujua. Mara tatu aliniambia.

Pasi ilipita juu ya shati, ikarudi. Saa kumi kasorobo. Ilibaki sentensi moja, naye aliijua, lakini ilimchukua muda mrefu kuliko damu yote aliyowahi kuizungusha. Kisha akaiandika, akamsomea Leonida kwa sauti kabla ya kuikunja, ili safari hii asikike yeye akisema.

"Mimi ndiye sikusikia."